Je, kamati yetu iwe na posta yake ya barua pepe?



Katika kambi, na pia katika vijiji vinavyopokea watu waliokimbia vita, kamati nyingi siku hizi zinaandika na kupokea barua kwa njia ya intaneti. Wanaandikia mashirika ya msaada, wanaandikia watawala, wanatuma ripoti ya baraza la upatanisho, wanatuma majina ya watoto waliotenganishwa na wazazi wao njiani. Na mara nyingi barua hizi zote zinapita kwenye anwani moja tu: ile ya sekretere, aliyoifungua yeye mwenyewe, bure, kwenye simu yake. Siku sekretere akihama, akiibiwa simu, akifa, au akigombana na wenzake, kamati nzima inakuwa bubu. Waliozoea kuiandikia wanaendelea kuandika na hakuna anayejibu. Mwishoni wanaiondoa kwenye orodha yao.

Kwa hiyo vijana waliosoma kompyuta wanawaambia wazee: tuweke posta yetu wenyewe, tusitegemee tena simu ya mtu mmoja wala kampuni ya mbali. Wazo si baya. Lakini lina mambo mawili yaliyofungwa pamoja kama mzigo mmoja, na tunapenda kuyafungua. Jambo la kwanza ni jina la posta. Hilo ni jepesi, na karibu kila kamati inaliweza. Jambo la pili ni mashine ya posta. Hilo ni zito, na wengi wanalibeba kabla ya kulipima.

Barua inasafiri namna gani

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili, na katikati kuna alama @. Alama hiyo ilichaguliwa na Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971, alipotuma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao. Upande wa kushoto kuna jina la mtu au la kazi: mwenyekiti, sekretere, kamati. Upande wa kulia kuna jina la posta yenyewe, ambalo mafundi wanaliita domeni. Mtu akiwaandikia, posta yake inafungua kwanza kitabu kikubwa cha majina cha intaneti na kuuliza: barua za domeni hii zinapokelewa wapi? Kitabu kinajibu kwa kutaja mashine fulani. Mashine hiyo ndiyo seva ya barua. Inapaswa kuwa macho usiku na mchana, kwa sababu barua haichagui saa.

Kujiendeshea barua pepe maana yake ni kwamba seva hiyo iko mikononi mwenu. Programu za kuiendesha hazinunuliwi. Postfix inapokea na kutuma barua. Dovecot inampa kila mtu barua zake. Rspamd au SpamAssassin inachuja barua za wadanganyifu. Kuna pia mafurushi ambayo yamekwisha kufungwa pamoja, kama Mail-in-a-Box na Mailcow, ambayo fundi mzuri anaweza kuyaweka kwa siku moja. Ndiyo sababu vijana wanasema kwamba ni bure. Wanasema kweli, kama vile maji ya Ziwa Kivu yalivyo bure. Anayelipwa ni mwenye kubeba bidoni.

Jina kwanza

Domeni inalipiwa kwa mwaka. Ile inayomalizika kwa .org inapatikana kwa dola 10 hadi 20 hivi kwa mwaka mmoja. Nchi yetu nayo ina alama yake, .cd, iliyochukua nafasi ya .zr baada ya Zaire kubadili jina mwaka 1997. Bei ya .cd inatofautiana sana kwa muuzaji huyu na yule, basi ulizeni mahali zaidi ya pamoja kabla ya kulipa.

Faida ya kuwa na jina lenu ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Mkiwa na jina, mnaweza kubadilisha mashine, mnaweza kubadilisha kampuni, mnaweza kuhama mji, na anwani inabaki ileile. Mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilibomolewa na watu wakatawanyika: wengine walirudi Masisi na Rutshuru, wengine walikwenda kwa jamaa mjini, wengine walivuka mpaka. Kwa kamati iliyotawanyika namna hiyo, anwani isiyobadilika ni kama mti wa kukutania. Mwenyekiti mpya anapochaguliwa, neno la siri linabadilishwa, na barua zinaendelea kuja palepale.

Lakini angalieni: domeni imeandikishwa kwa jina la nani? Tukisema kweli, mara nyingi ni kwa jina la kijana aliyeinunua kwa kadi yake au ya kaka yake aliye Ulaya. Huyo ndiye mwenye domeni mbele ya muuzaji, hata kama kamati ilichanga pesa. Andikisheni kwa jina la kamati au la shirika linalowasimamia. Anwani ya kuwasiliana na muuzaji isiwe ndani ya domeni hiyohiyo, kwa sababu siku domeni ikisimama hamtaweza kupokea hata onyo lake.

Tena kuna tarehe ya kulipa. Mkiipitisha, barua zinasimama. Baada ya majuma machache jina linarudishwa sokoni, na mtu yeyote duniani anaweza kulinunua. Atakayelinunua atapokea barua zote ambazo watu wanaendelea kuwaandikia ninyi. Fikirini kamati inayopokea majina ya mashahidi wa mauaji, au malalamiko ya wamama waliobakwa, halafu jina lake linaanguka mikononi mwa mtu asiyejulikana kwa sababu ya dola 15. Kwa hiyo tunashauri kulipia miaka mingi kwa mara moja, kwa.org inaruhusiwa hadi miaka 10. Wafanyaji kazi wa Goma wanajua sababu. Baada ya M23 kuingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, na aliyetegemea kadi ya benki ya mjini hakuwa na njia ya kulipa. Muwe na mtu mmoja mwaminifu katika mji mwingine, au ng'ambo, anayeweza kulipa kwa niaba yenu.

Mashine ikiwekwa ofisini

Sasa tuje kwenye mashine. Wengi wanafikiria kompyuta iliyowekwa kwenye pembe ya ofisi ya kamati. Tuanze na umeme. Kompyuta ya kawaida ya mezani inakula wati 100 hivi. Ikiwaka saa 24, hiyo ni kilowati-saa 2.4 kwa siku, karibu 72 kwa mwezi. Penye umeme unaokatika kila jioni, itabidi betri au jenereta, na mafuta ya jenereta yatakula pesa kuliko kitu kingine chochote. Kompyuta ndogo sana ya wati 10 ni nafuu zaidi: inahitaji wati-saa 240 kwa siku. Paneli ya jua ya wati 100, ikipata jua zuri la saa nne, inatoa kama 400. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na betri za asidi hazipendi kumalizwa zaidi ya nusu, basi hesabuni 600. Hesabu inatosheleza, hata kwa siku mbili za mawingu. Lakini betri hiyohiyo, kila mtu kambini atataka kuchajia simu. Msiposimamia hilo tangu siku ya kwanza, seva itazimika saa mbili usiku kila siku.

Kuna habari njema moja hapa. Posta za barua pepe zina subira. Seva yenu ikizimika, posta ya anayewaandikia haitupi barua. Inaiweka na kujaribu tena na tena, kwa kawaida siku nne au tano, ndipo inamrudishia mwandishi habari kwamba haikufika. Kwa hiyo usiku mmoja bila umeme hauleti msiba wowote, ila juma zima linaleta.

Shida kubwa zaidi ni njia ya intaneti yenyewe. Ili wengine wawafikie, mashine inahitaji namba yake ya IP, ya kudumu, inayoonekana duniani kote. Laini ya simu ya mkononi kwa kawaida haina namba hiyo. Maelfu ya wateja wanagawana namba moja, kama jamaa nyingi zinazotumia mlango mmoja wa kiwanja. Mnaweza kutoka, lakini anayewatafuta kutoka nje hajui abishe wapi. Starlink, ambayo serikali yetu iliipa ruhusa ya kufanya kazi mwaka 2025, nayo inawagawia wateja wake wa kawaida namba kwa namna hiyohiyo. Namba ya peke yake inauzwa na makampuni yanayohudumia maofisi makubwa, na bei yake si ya kamati ya kambi.

Hata namba ikipatikana, kuna mlango. Posta zinaongea zenyewe kwa zenyewe kupitia mlango uliopewa namba 25. Kwa sababu wadanganyifu wameutumia sana, makampuni mengi ya intaneti yanaufunga kwa wateja wao. Fundi atahangaika siku tatu na programu, kumbe mlango umefungwa na kampuni, na hakuna kosa lolote upande wake. Swali hilo liulizwe kabla ya kununua hata waya mmoja.

Halafu kuna vita, na kuna mlima. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya Goma. Mei 2021 ilishuka tena, na watu kwa mamia ya maelfu wakaambiwa watoke mjini. Ofisi zimeporwa zaidi ya mara moja katika miaka hii. Kompyuta inabebwa kwa mkono mmoja. Kama barua zote za miaka mitano ziko ndani yake, na hakuna nakala mahali pengine, zimekwenda. Na kama diski haikufungwa kwa neno la siri, aliyeibeba atazisoma akiwa ameketi kwake. Sisi kwa maoni yetu, mashine ya barua isikae katika ofisi ya kamati ya waliokimbia, mashariki ya nchi hii, kwa sasa. Tunajua wapo mafundi watakaotupinga, na wanaweza kuonyesha seva zao zinazofanya kazi vizuri. Tunawaomba wahesabu ni mara ngapi wao wenyewe wamekimbia tangu waziweke.

Mashine ya kukodi

Inabaki njia ya kukodi seva kwa kampuni yenye majengo makubwa ya mashine, mara nyingi Ulaya au Afrika ya Kusini. Seva ndogo yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 inatosha kamati ya watu 10 au 20, na inakodiwa kwa dola 5 hadi 10 kwa mwezi. Umeme ni wao, waya ni wao, namba ya IP ni ya kudumu. Lakini hata hapo mlango wa 25 mara nyingi umefungwa mwanzoni, na inabidi kuandika barua ya kuomba ufunguliwe, na kueleza ninyi ni nani.

Halafu inaanza kazi ambayo haionekani: kuaminiwa. Posta kubwa za dunia zinapokea barua za udanganyifu kwa mabilioni, na zimekuwa na ukali kwa kila mgeni. Seva mpya ni kama mtu anayefika kijijini usiku bila karatasi. Hata akiwa mwema, ataulizwa maswali mengi. Karatasi hizo ndizo mafundi wanazoziita kwa herufi. SPF ni tangazo katika kitabu cha majina linalosema ni mashine zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lenu. DKIM ni muhuri unaopigwa juu ya kila barua, ili ikibadilishwa njiani ijulikane. DMARC ni agizo kwa posta nyingine: mkipokea barua kwa jina letu isiyo na alama hizo, ikataeni au iwekeni pembeni. Tena namba ya IP yenyewe inapaswa kurudi kwenye jina lenu ikiulizwa kinyumenyume. Hilo linarekebishwa kupitia kampuni inayowakodisha.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamefanya mambo haya kuwa sharti. Kila anayetuma awe na SPF au DKIM, na namba yake irudi kwenye jina. Anayetuma barua 5000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anapaswa kuwa na zote, pamoja na DMARC. Microsoft nayo mwaka 2025 iliweka sharti la namna hiyo kwa wenye kutuma kwa wingi kwenda Outlook. Kamati ya kambi haitumi barua 5000, lakini msidhani kwamba hamguswi. Kamati ndogo isiyo na karatasi inaangukia pembeni bila hata kujulishwa.

Hapo ndipo tunaona hatari kubwa kuliko zote. Barua ikikataliwa wazi, mtarudishiwa habari, mtatafuta njia nyingine. Lakini mara nyingi haikatazwi. Inapokelewa kwa heshima, halafu inawekwa katika sanduku la takataka, ambalo mwenye kupokea halifungui. Kwenu inaonekana imetumwa. Mmetoa habari kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa, au kwamba jamaa 40 zimefika bila chakula, mnangoja jibu, na siku zinapita. Mnaanza kusema kwamba shirika lile limetudharau. Na shirika linasema kamati ile haijaandika. Tumeona wenyewe jinsi kutoaminiana kunavyoota katika mambo madogo kuliko hilo, na amani ya kambi na ya wanaoisaidia inasimama juu ya habari zinazofika.

Kuna pia orodha za wabaya. Shirika la Spamhaus, lililoanzishwa mwaka 1998, linaandika namba za mashine zinazotuma barua za udanganyifu, na posta nyingi za dunia zinalisikiliza. Namba mnayokodi inaweza kuwa na historia mbaya kutoka kwa mpangaji aliyetangulia. Iangalieni kwanza kabla ya kukubali, na mkikuta ni chafu ombeni nyingine. Na ninyi wenyewe mnaweza kuingia orodhani kwa usiku mmoja: mtu mmoja wa kamati anatumia neno la siri kama 123456, mwizi analigundua, anatuma barua maelfu kupitia seva yenu. Asubuhi hakuna anayewapokea tena, na kujitoa kwenye orodha kunaweza kuchukua siku nyingi.

Nani atakesha

Mashine haina gharama kubwa kama mtu. Programu zinahitaji kurekebishwa kila zinapotolewa mpya, la sivyo wezi wanaingia kupitia matundu yanayojulikana. Diski inajaa, na ikijaa barua hazipokelewi. Cheti cha usalama kinachofunga mazungumzo kati ya simu na seva kinatolewa bure na Let's Encrypt, lakini kwa siku 90 tu. Kinajirudia chenyewe kama kila kitu kimepangwa vizuri, na siku kisipojirudia simu za wote zinaonyesha onyo la kutisha. Nakala za akiba zinapaswa kwenda kwenye mashine nyingine, mahali pengine, na mara moja moja zifunguliwe kuona kama kweli zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa, sisi hatuihesabu kuwa ni nakala.

Kwa makadirio yetu kazi hiyo ni saa mbili au tatu kwa juma kwa mtu anayeijua, mambo yakiwa shwari. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 100. Kama ni kijana wa kujitolea, atafanya kwa moyo miezi sita, halafu atapata kazi Kampala au Kinshasa, na hakuna lawama, ana maisha yake. Ndiyo maana tunasema: msipokuwa na watu wawili wanaoijua kazi hii, wanaokaa mahali tofauti na ambao kila mmoja anaweza kushika usukani mwenzake asipopatikana, msijiendeshee mashine. Tukijumlisha pesa peke yake, seva ni dola 60 hadi 120 kwa mwaka, domeni 10 hadi 20, nafasi ya nakala mahali pengine tuseme 24 hadi 60. Jumla iko kati ya dola 94 na 200. Kamati nyingi zinaweza kuchanga hizo. Zile saa 100 haziwezi kuchangwa.

Njia ya katikati

Njia tunayoiona inafaa kamati nyingi ni hii: nunueni jina, kodini masanduku. Kuna makampuni yanayopokea barua za domeni yenu kwenye mashine zao, na wao ndio wanaokesha, wanaochuja, wanaojibishana na Google na Spamhaus. Bei ya chini ni kama dola 1 kwa sanduku kwa mwezi. Masanduku matano ni dola 60 kwa mwaka. Wengine wanadai mara sita au saba ya hapo kwa kuongeza nafasi na kazi nyingine ambazo kamati haizihitaji. Google na Microsoft wana mipango ya bure kwa mashirika yasiyotafuta faida, lakini wanadai karatasi za kuandikishwa na wanazikagua. Kamati ya kambi kwa kawaida haina karatasi hizo. Ushirika ulioandikishwa kama ASBL kwa sheria ya mwaka 2001 unaweza kuomba, na kamati ikawa na masanduku yake ndani ya mpango huo. Pateni mapatano ya maandishi, kwa sababu mnaingia katika nyumba ya mtu.

Mkiwa na jina lenu, kampuni ikiwachosha mnaiacha. Mnabadilisha mstari mmoja katika kitabu cha majina, na barua zinaanza kwenda kwingine ndani ya siku moja au mbili. Barua za zamani mnazihamisha wenyewe, kwa hiyo fundi awe na nakala ya kila mwezi.

Nani anaweza kusoma

Tuseme wazi. Seva ikiwa yenu, anayeweza kusoma barua ni fundi wenu, na yeyote atakayeitwaa mashine kwa nguvu. Seva ikiwa ya kampuni, anayeweza kusoma ni kampuni, na mahakama ya nchi yake ikiiagiza. Hakuna njia ya tatu katika barua pepe ya kawaida. Mchague yule ambaye hana ugomvi na ninyi. Kwa kamati inayoishi kati ya makundi yenye silaha, kampuni ya mbali isiyojua hata Masisi iko wapi inaweza kuwa salama kuliko kompyuta iliyo umbali wa kilomita mbili kutoka kizuizi cha barabarani.

Lakini sehemu dhaifu kuliko zote inabaki simu iliyo mfukoni. Kwenye kizuizi simu inafunguliwa na barua zinasomwa bila haja ya kujua seva iko wapi. Majina ya mashahidi na ya wamama waliodhulumiwa yasiandikwe katika barua za kawaida. Tumieni namba au alama badala ya jina, na daftari la kufungua alama hizo likae mahali pengine, kwa mtu mwingine. Na mtandao ukizimwa, kama ulivyozimwa nchi nzima kuanzia 31 Desemba 2018 kwa karibu majuma matatu baada ya uchaguzi, hakuna seva ya mtu yeyote itakayosaidia. Karatasi na mjumbe bado vina kazi.

Neno kwa jamaa

Mama au baba mwenye anwani yake ya bure hahitaji lolote kati ya hayo yaliyoelezwa hapa juu. Anahitaji kuilinda ile aliyo nayo. Wengi wanaipoteza kwa namna moja: walipoifungua waliandika namba ya simu, wakakimbia, laini haikutumiwa muda mrefu, kampuni ya simu ikaigawa kwa mtu mwingine. Siku wakisahau neno la siri, alama ya kufungulia inatumwa kwa simu ya mgeni. Ukibadilisha laini, badilisha namba hiyo siku ileile, ungali unaweza kuingia. Ongeza pia anwani ya pili, ya mtoto au ya ndugu unayemwamini. Na ingia angalau mara chache kwa mwaka: tangu mwisho wa 2023 Google inafuta akaunti ambayo haijafunguliwa kwa miaka miwili. Ndani ya akaunti hizo kuna picha za marehemu, karatasi za shamba, vyeti vya shule vilivyopigwa picha kabla ya kukimbia.

Mkianza

Kamati ikikata shauri, ile anwani ya zamani ya sekretere isifungwe. Iachwe ipeleke barua zake kwenye anwani mpya kwa mwaka mzima, kwa sababu watu hawasomi matangazo. Neno la siri la domeni, lile la sanduku kuu na tarehe ya kulipa viandikwe kwenye karatasi mbili, katika bahasha mbili zilizofungwa, kwa watu wawili ambao hawalali nyumba moja. Na bora mmoja wao awe mama, kwa sababu tumeona wamama wa kamati wanatunza karatasi kuliko sisi. Halafu barua tatu za kujaribu zitumwe: moja kwa mtu wa Gmail, moja kwa mtu wa Outlook, moja kwa mtu wa Yahoo. Wote watatu wapigiwe simu waulizwe imefika katika sanduku gani. Kama hata mmoja ameikuta kwenye takataka, fundi hajamaliza kazi na asilipwe salio.